Kampuni hazitaki kutengeneza Garratt ya baba, nifanye nini?

Shikamoo Fundi,

Naomba unisome mpaka mwisho manake hii barua nimeiandika mara tatu nikaifuta. Mi ni mzaliwa wa Mombasa, nimekulia kota za reli Changamwe, na sasa naishi Leicester huku Uingereza mwaka wa 21 huu. Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Aliingia East African Railways kijana mdogo, kazi yake kusafisha vichwa vya treni, akapanda akawa faiamani, yaani mtu wa kuangalia moto wa injini, baadaye dereva, na miaka yake mizuri yote aliifanyia kwenye zile Garratt za 59, vile vichwa vikubwa vya mvuke vya daraja la 59, Mombasa kwenda Nairobi na kurudi. Akiondoka alikuwa anabeba sanduku la bati na blanketi, manake safari ile madereva walikuwa wawili wawili na mafaiamani wawili wawili, hawa wanaendesha wale wanalala kwenye behewa lao nyuma ya injini, halafu wanapokezana. Mi nilikuwa na miaka 9 zilipoondolewa zile za mwisho. Mlio wake bado ninao masikioni mpaka leo.

Huku nikaingia kwenye treni za modeli. Nilianza na kajitreni ka mwanangu, yeye akaacha mi nikaendelea. Sasa hivi juu ya dari nina leauti, yaani reli ndogo na mandhari yake, ya mita nne, nimejenga daraja la Tsavo, nimejenga stesheni ya Voi, udongo mwekundu nimeuchanganya rangi mwenyewe mpaka mgeni mmoja wa Taita alipopanda ngazi akauona akakaa kimya muda mrefu. Reli zangu ni za milimita 12, skeli ya 1:87, kwa hiyo ni reli ya mita moja sawasawa kama ya kwetu. Kila kitu kipo isipokuwa treni yenyewe! Juu ya daraja la Tsavo napitisha dizeli ya Uswisi niliyoipaka rangi, na kila nikiitazama roho inaniuma.

Kila mwaka kampuni zikitangaza modeli mpya nasoma orodha yote. Flying Scotsman, kile kichwa maarufu cha Waingereza, tena Flying Scotsman, halafu ile ile kwa rangi nyingine. Nimeandikia kampuni nne kuwaomba 59. Tatu hazikujibu, moja ilijibu kwa adabu kwamba soko hakuna. Soko hakuna vipi wakati Leicester hii hii imejaa watu ambao baba zao na babu zao walifanya kazi kwenye reli ya Kenya na Uganda, Wahindi kwa Waafrika?

Sasa tatizo lenyewe. Kuna bwana mmoja anayetengeneza modeli za shaba kwa idadi ndogo, ameniambia nikimletea watu 40, kila mtu atangulize pauni 200, ataitengeneza 59, bei kamili pauni 1,400. Nimezunguka msikitini, kanisani, kwenye harusi, kwenye klabu ya treni, nimepata watu 17 na pesa zao pauni 3,400 zipo kwenye akaunti yangu. Bwana ananiambia nikijazia zile 23 zilizobaki mwenyewe ataanza kazi mara moja, halafu nitawauzia watu baadaye, ila nitume kwa benki kabla ya mwisho wa mwezi. Hiyo ni pauni 4,600, na tunazo, ila ni za kuezeka nyumba yetu Mombasa. Mke wangu amesema wazi, hizo pesa za watu hazimpi usingizi, na hizo za paa nisiziguse. Hatujagombana lakini chakula cha jioni siku hizi tunakula kimya.

Na sababu ya haraka yangu ni baba. Ana miaka 85. Presha ya macho imemmaliza, anaona mwanga na kivuli tu. Nilimwambia, kosa langu, kwamba namtengenezea 59, na kila Jumapili nikimpigia swali lake la kwanza ni hilo hilo, "Ile gari imefika wapi?" Naogopa ataondoka kabla haijafika popote.

Nitume pesa? Na hizi kampuni nizifanyeje?

Mtoto wa Reli, Leicester

*

Marahaba mwanangu.

Nimekusoma mpaka mwisho, nikarudia. Mi nimekulia Voi, kwa hiyo hayo ya mlio hukuhitaji kunieleza, tulikuwa tunatoka darasani bila ruhusa.

Nianze na pesa manake mwisho wa mwezi unakuja. Usitume. Barua yako yote hujasema popote kwamba huyo bwana amekuonyesha mchoro, hata mmoja. Mtu anayetaka kutengeneza 59 kitu cha kwanza kukuonyesha ni mchoro, cha pili ni modeli alizowahi kumaliza na watu waliozipokea ukawapigia simu, cha tatu ni tarehe. Wewe umepewa bei na namba ya akaunti. Sisemi ni mwizi, wapo watu wa shaba wazuri kabisa ambao wanachelewa miaka mitano na wakaleta kitu cha kutoa machozi, lakini anayekuambia wewe mnunuzi ujazie nafasi 23 za watu ambao hawapo, huyo amekuhamishia hatari yote kichwani kwako, na ukikwama na modeli 23 za pauni 1,400 utamuuzia nani? Wale 17 warudishie pesa zao wiki hii, mmoja mmoja, na uwaandikie sababu. Majina yao yatunze vizuri, tutayahitaji huko chini.

Na siku akitokea mtu wa kweli, kila mnunuzi alipe mwenyewe na alipe kwa kadi ya mkopo. Huko Uingereza kuna kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974, kitu cha bei ya zaidi ya pauni 100 mpaka 30,000 ukikilipia kwa kadi ya mkopo, hata kama umelipa kianzio tu, kampuni ya kadi inabeba dhamana pamoja na muuzaji. Ukituma kwa benki hiyo haipo, na ukikusanya wewe halafu ukalipa kwa niaba ya watu, hao watu kinga yao inakatika. Kwa hilo mke wako ameona mbali kuliko wewe, mwambie hivyo leo, kabla hata hujamaliza kusoma.

Haya, kampuni. Hapa nataka tukae kidogo manake nadhani umekuwa ukiwaomba kitu sahihi kwa maneno ambayo hayawasaidii.

Watu husema 59 haitengenezwi kwa sababu zilikuwa chache. Si kweli. 59 zilikuwa 34, zilitoka kiwanda cha Beyer Peacock pale Gorton, Manchester, 1955 na 1956. Sasa tazama, kampuni ya Heljan walitoa modeli ya Garratt ya LMS, reli ya zamani ya Uingereza, kwa skeli ya OO, na za LMS zilijengwa 33 tu, kiwanda hicho hicho, na zote zilikatwa chuma chakavu, haijabaki hata moja ya kwenda kuitazama. Kule Australia kampuni ya Eureka wametoa modeli ya AD60, Garratt kubwa ya New South Wales, nayo ni ya Beyer Peacock. Kwa hiyo ugeni wa injini si kizuizi, na uchache si kizuizi. Kizuizi ni reli. Hizo mbili zinapita kwenye reli ya milimita 16.5 ambayo kila mpenzi wa treni anayo tayari nyumbani, anafungua boksi anaiweka inatembea. 59 ni ya mita moja. Mnunuzi wa 59 anatakiwa anunue na reli, na mabehewa, na aanze upya. Na kalibu za chuma za kumimina plastiki ya injini moja ya mvuke ni gharama nzito mno, ndo maana wakishakuwa nazo za Flying Scotsman wanazitumia mpaka zichoke, rangi hii, namba ile, kila toleo ni pesa bila kalibu mpya. Kwa mwenye kampuni hilo si dharau kwa kwetu, ni hesabu.

Ila hesabu imebadilika kidogo, na hapo ndo pa kushika. Mwaka 2022 kampuni ya modeli ya Hornby walianzisha TT:120, yaani skeli ya 1:120, na reli ya TT ni milimita 12. Yaani upana ule ule wa reli yako. Peco, watengenezaji wa reli za modeli, nao wana reli ya HOm, yaani ya mita moja kwa skeli ya 1:87, ya milimita 12 yenye mataruma ya kipimo chake. Miaka kumi iliyopita ungemwambia mtu wa Leicester anunue reli ya milimita 12 angekushangaa, leo anaingia dukani anatoka nayo. Kwa hiyo ukiwaandikia tena usianze na baba, samahani mwanangu najua inauma, anza na reli. Waambie skeli ni 1:87, reli ipo madukani, injini ina sentimita 36 na itapita kwenye kona kali kwa sababu Garratt ni injini mbili zilizobeba boila katikati, kila moja inageuka kivyake, si kama kichwa kirefu cha kawaida. Waambie kwamba mbele na nyuma ni seti ile ile ya magurudumu, 4-8-2 ikitazamana na 2-8-4 (hesabu ya magurudumu, madogo, makubwa ya kuvuta, madogo), kwa hiyo kalibu ya chasi moja inafanya kazi mara mbili. Hili mtu wa kiwanda atalisikia.

Halafu matoleo, manake utaambiwa rangi ni moja tu, ile nyekundu ya zambarau. Jibu lake ni majina. Kila moja ya zile 34 ilikuwa na jina la mlima wa Afrika Mashariki, Mount Kenya, Mount Elgon na kuendelea, vibati 34 tofauti, na mtu wa Arusha atataka wa kwao na mtu wa Mbale wa kwao. Na kuna mabomba mawili ya moshi, lile la mwanzo na lile bapa la mtindo wa Giesl zilizofungiwa baadaye. Hayo ni matoleo tosha.

Na kubwa kuliko yote, injini zenyewe zipo. Kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi wamesimama 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Kampuni za siku hizi zinapenda kupima kitu halisi kwa skana ya leza, zinapata kila ribiti. Kumbukumbu za Beyer Peacock nazo zipo Manchester, kwenye jumba la makumbusho la sayansi na viwanda, masaa mawili na kitu kutoka kwako kwa treni. Nenda ukaulize michoro ya 59 ipo kiasi gani na inanakiliwa kwa masharti gani. Barua yenye michoro, ruhusa ya makumbusho Nairobi, na orodha ya majina 17 ya watu ambao walishatoa pesa na wakarudishiwa, hiyo barua haiwekwi kando haraka. Walikuambia soko hakuna kwa sababu walimwona mtu mmoja. Nao hao 17 umewapata bila kutoka Leicester, bado hujagusa London, hujagusa Toronto, hujagusa Nairobi yenyewe wala Waingereza wazee waliofanya kazi huku ambao mpaka leo wanazililia 59 kuliko sisi.

Lakini hiyo ni kazi ya miaka. Kampuni ikikubali kesho bado utangoja miaka miwili mitatu, na baba ana 85. Kwa hiyo ya baba tuitoe kabisa kwenye mikono ya kampuni.

Umesema anaona mwanga na kivuli. Sasa ile ya sentimita 36 hata ingefika kesho, ya shaba, ya pauni 1,400, ingemfaa nini? Vidole vya mzee aliyezungusha vali za chuma havitasoma kitu kidogo hivyo, na angeogopa kukivunja. Baba anataka kubwa. Mtengenezee skeli ya 1:32. Kwenye 1:32 reli ya mita moja inakuwa milimita 31 na kidogo, na reli ya O ya kawaida ni 32, yaani ukitaka siku moja itembee, reli ipo. Urefu wake utakuwa sentimita 99. Mita nzima ya 59 juu ya meza! Haihitaji mota, haihitaji dekoda, haihitaji kalibu. Inahitaji mtu wa kuichora kwenye kompyuta na printa ya 3D, na huko uliko kuna karakana za jamii zenye printa unazolipia kwa saa, na kwenye klabu yako ya treni hakosekani kijana anayechora. Gharama ni sehemu ndogo ya zile 4,600.

Na hapa Garratt yenyewe inakusaidia, manake kwa asili imegawanyika mapande matatu. Tangi la mbele na magurudumu yake, boila na keb, yaani chumba cha dereva, katikati, tangi la nyuma la mafuta na magurudumu yake, na vinaungana kwa pini mbili. Kila kipande utakizungushia nguo kitaingia kwenye sanduku la ndege bila kukatwa. Boila ndo uifanye kwa uangalifu, kipenyo chake ni futi 7 na inchi 6, yaani zaidi ya mara mbili ya upana wa reli iliyoibeba, na ndo maana ile injini ilikuwa tani 252 na bado inapita kwenye reli ya mita moja. Chini ya boila hakuna magurudumu, kwa hiyo waliweza kuifanya nene na tanuru pana vile walivyotaka. Baba akikumbatia boila hiyo kwa mikono miwili ataijua tu.

Usingoje mpaka imalizike ndo umwambie. Jumapili hii akikuuliza gari imefika wapi, mwambie umekwama, unahitaji faiamani akueleze keb. Muulize vali ya mafuta ilikuwa mkono gani. Kioo cha maji cha boila kilikuwa kimo gani, alikitazama ameketi au amesimama. Muulize mchanga ulikaa wapi, manake kwenye injini za mafuta masizi yalikuwa yanaziba mirija na faiamani anatupia mchanga tanuruni uvutwe na moshi usugue, na kila faiamani alikuwa na mtindo wake wa kuurusha. Hayo kwenye michoro ya Manchester huyapati yote, mchoro unaonyesha kiti kipo wapi hauonyeshi alikalia vipi. Rekodi simu hizo, kwa ruhusa yake. Na mama watoto naye akae hapo asikilize, nadhani hajawahi kuhadithiwa 59 na mwenye nayo, amesikia tu gharama zake.

Kuhusu daraja lako la Tsavo, kuna njia ya fundi kama una subira. Wajapani reli yao ya kawaida ni milimita 1067, karibu na yetu, na kuna modeli za D51, kichwa chao cha mvuke, za 1:87 zinazopita kwenye reli ya milimita 12. D51 ni 2-8-2, magurudumu yake makubwa ni milimita 1400, ya 59 ni futi 4 na inchi 6, yaani 1372. Tofauti hiyo kwenye 1:87 ni theluthi moja ya milimita, jicho halioni. Chasi mbili za D51 zilizotumika, ukitafuta pole pole moja mwaka huu moja mwaka kesho, uzigeuze zipeane mgongo, kila moja magurudumu madogo mawili ya upande wa nje uyatoe uweke bogi ya magurudumu manne, mota zifiche ndani ya matangi, na mwili uprinti kutoka kwenye michoro ile ile uliyomchorea baba, umepunguza tu kipimo. Pima kwanza nafasi kati ya gurudumu na gurudumu kabla hujanunua, hapo ndo wengi wanaumia. Na kama yupo kati ya wale 17 ambaye hana leauti wala nafasi, mwambie kampuni ya Kato wana D51 ya skeli ya N, 1:150, kwa bei ya kawaida kabisa, mbili zinamtosha, na 59 yake itakuwa sentimita 21 inakaa juu ya rafu.

Kwa hiyo wiki hii una kazi tatu, pesa za watu, simu ya Manchester, na Jumapili. Paa la Mombasa liezekwe. Na ukipanga safari ya kwenda kumwona usingoje mapande yote matatu yawe tayari, nenda na lile la katikati hata kama halijapakwa rangi, lenye keb. Mlango wa keb uache wazi apate kuingiza vidole, na vali uifanye izunguke.

Niandikie akishaishika.

Fundi